Siku Tuliyonyoa kwa Ajili ya Baba

Mwezi uliopita mwanamume mmoja aliingia kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Bariadi mjini akiwa na kitenge kipya mkononi, akaniomba nimshonee mke wake vilemba viwili. Viwe laini, akasema, visibane kichwa. Nilielewa kabla hajamaliza. Nikamuuliza mgonjwa ameanza dawa lini, akanitazama kwa mshangao, akasema wiki ijayo wanakwenda Mwanza kwa mara ya tatu. Kisha akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Ila dada, ukikutana na watoto wangu usiwaambie. Wanajua mama yao ana malaria." Nilikikunjua kile kitenge juu ya meza, harufu ya kitenge ambacho hakijafuliwa, ya wanga na rangi, ikanipanda puani, nikachoka ghafla kama mtu aliyeambiwa akalime upya shamba alilokwisha kulimaliza.

Nikamshonea vilemba vyake. Sikumwambia chochote, maana kazi yangu ni kushona, na yaliyonikuta mimi hayasimuliki mtu akiwa amesimama mlangoni. Nayaandika hapa, kwa ninyi wa rika langu ambao mna watoto na mnadhani mna siri.

Nilikuwa na miaka kumi au karibu na hapo. Tulikaa kijijini, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka mjini, kwenye kaya iliyozungushiwa ua wa minyaa. Mimi Kabula ndiye wa kwanza. Masunga alinifuata kwa miaka miwili, na wa mwisho alikuwa Limi, ambaye bado alikuwa akihesabu mpaka tatu halafu anaruka mpaka kumi. Bibi, mama mzaa baba, alikuwa na nyumba yake humo humo uani. Tulilima pamba, mahindi na choroko, tukawa na ng'ombe sita ambao Masunga aliwachunga siku zisizo za shule na kuwatukana siku zote.

Mama alianza kuumwa wakati wa kupanda. Hatukuambiwa anaumwa nini. Siku moja baba alifunga begi, wakaondoka wote wawili, na bibi akatuambia wamekwenda Mwanza kutibu mgongo. Walikaa huko zaidi ya mwezi. Mahindi yakapita magoti, pamba ikahitaji palizi, na mimi nikajifunza kusonga ugali wa watu wanne kwa mwiko uliokuwa mrefu kuliko mkono wangu.

Mama alirudi peke yake. Alishushwa na pikipiki pale kwenye minyaa, amepungua, amejifunga kichwani kitenge kipya. Hilo la kitenge nililitia moyoni papo hapo. Kwetu nguo mpya zilikuja kwa Krismasi au pamba ikishauzwa, na siku ile haikuwa hii wala ile. Nilimkumbatia, pua yangu ikajaa ile harufu ya dukani. Masunga akauliza baba yuko wapi.

"Yuko Lamadi, anapakia samaki," bibi akajibu haraka, kabla mama hajafumbua mdomo.

Sasa naomba mnielewe jinsi mtoto anavyofikiri. Mtoto si mjinga. Mtoto ana akili timamu, ila amenyimwa nusu ya habari, kwa hiyo anaijaza mwenyewe kwa vitu anavyovijua. Mimi nilivijua vitu vya msiba vizuri kabisa, kwa sababu mwaka mmoja kabla alikuwa amefariki jirani yetu, mume wa Mama Shija, nikaona kila kitu. Nilimwona Mama Shija akiwa amekaa chini kwenye mkeka siku nzima bila kupika wala kuchota maji. Niliwaona watu wakiongea naye kwa sauti ya chini. Niliona akinyolewa, yeye na watoto wake, mpaka vichwa vikang'aa. Shuleni sote tulikatwa nywele kwa mkasi, zikabaki fupi, na hilo halikuwa na maana yoyote. Lakini kichwa kilichopitishwa wembe kikabaki cheupe, hicho kwetu kina maana moja tu.

Mama naye alikaa kwenye mkeka. Hakupika, hakuchota maji. Bibi aliongea naye kwa kunong'ona, na mimi nikiingia na kikombe cha uji wote wawili walianza kuongelea choroko. Simu ya nyumbani ilikuwa moja na baba alikuwa nayo, hivyo habari zake zilipita kwa Mama Shija, ambaye alikuja jioni na simu yake, akampa mama, na sisi tukafukuzwa tukafungie kuku. Kila siku kuku walifungiwa wakati ule ule wa simu. Halafu ikaja asubuhi ambayo mama aliinama kumnawisha Limi uso, Limi akashika kile kitenge na kukivuta, kikatoka. Kichwa cha mama kilikuwa kitupu. Hapakuwa na hata kivuli cha nywele. Mama alikifunika upesi, akanitazama kama nimeona, nami nikageuka nikajifanya napuliza moto.

Basi, nikajua. Baba amekufa. Amekufa huko huko Mwanza au njiani, wamemzika bila sisi, mama amenyolewa, na wametuficha kwa sababu sisi ni watoto.

Nilibeba jambo hilo siku tano. Nilikwenda nalo shuleni nikarudi nalo, nikapalilia nalo pamba pembeni ya bibi. Nililia mara moja tu, nyuma ya zizi, tena haraka haraka kwa sababu maharage yalikuwa motoni. Watu hudhani nyumba yenye mgonjwa watoto wake wanaishi na huzuni. Labda wengine. Mimi ninachokikumbuka ni mabega kuuma, na kutamani mtu mzima mmoja aniambie kaa chini. Masunga sikumwambia mpaka siku ya tano, Limi alipopata homa.

Ile homa ndiyo iliyonitisha. Bibi, pamoja na kwenda kanisani kila Jumapili, alikuwa na mambo yake ya zamani ambayo hakuyaacha, na wakati wa ule msiba wa jirani nilimsikia akisema kwamba mtoto asiponyoa kwa ajili ya mzazi wake, marehemu humrudia, na mtoto huanza kuumwa. Nilimgusa Limi paji la uso, likawaka. Kwa hesabu yangu kilichobaki kilikuwa wazi. Baba alikuwa amekuja kudai, na angeanza na mdogo.

Ilikuwa Jumamosi. Bibi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda shambani, mama amelala ndani. Nilichukua yai moja kwenye kiota nikalipeleka dukani, nikapewa wembe. Nikakata kipande cha sabuni ya mche, nikajaza maji kwenye kopo, nikawaita wadogo zangu nyuma ya ghala la pamba.

"Baba amekufa," nikamwambia Masunga. "Tunanyoa."

Hakuuliza nimejuaje. Nadhani naye alikuwa na siku zake tano. Alikaa akainamisha kichwa, machozi yakamtiririka mpaka kwenye povu, na mimi nikanyoa. Limi alipiga kelele, nikampa michembe, vile viazi vikavu, atafune, nikamkata kidogo juu ya sikio, nikapabana kwa jani. Mwisho Masunga alininyoa mimi, vibaya, kwa mikono ya mchunga ng'ombe. Tulipomaliza upepo ulikuwa baridi kichwani na nikasikia nafuu kubwa, nafuu ya mtu aliyemaliza kazi ambayo wakubwa wameshindwa kuifanya. Masunga akaenda kufungulia ng'ombe. Mimi nikambeba Limi mgongoni, nikachukua ndoo, nikaenda bombani.

Palikuwa na wanawake saba au wanane kwenye foleni. Nikasalimia kama ilivyo desturi, "Mwangaluka, bamayu," yaani habari za asubuhi, akina mama, na hakuna aliyeitikia. Walikuwa wanatazama kichwa changu, kisha cha Limi. Wote walijua mama amerudi kutoka Mwanza akiwa hoi. Mama Shija aliweka ndoo yake chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kabula mwanangu," akasema, "imetokea lini?"

Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba hatimaye mtu mzima amekubali kuongea nami. "Sijui, mayu," nikajibu. "Hawajatuambia."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Shambani."

"Yuko shambani!" mmoja akarudia kwa mwenzake. "Maskini, kachanganyikiwa bibi wa watu."

Walitawanyika. Walinijazia ndoo yangu wao wenyewe, kitu ambacho hakijawahi kunitokea tangu nizaliwe, na mmoja akanibebea mpaka karibu na nyumbani. Kijijini kwetu wanawake walikuwa na kikundi cha kusaidiana misibani, na sheria zake hazikuwa za mchezo: ukisikia, unakwenda, na hauendi mikono mitupu. Hata ng'ombe walikuwa hawajafika malishoni nilipowaona wanakuja kwa mstari, wengine na kuni kichwani, wengine na mabeseni ya unga. Walipofika kwenye minyaa wakaanza kulia kwa sauti, kama wanavyolia wakikaribia nyumba ya msiba. "Mayu wee! Mayu wee! Umetuachia nani?"

Mlango wa nyumba kubwa ukafunguka. Mama alisimama pale, ameshika fremu kwa mikono yote miwili. Hakuwa amejifunga kitenge. Alikuwa na gauni la kulalia na kile kichwa kitupu kwenye jua, na uso ambao sijauona tena mahali popote.

"Nani?" akauliza. "Ni baba Kabula? Niambieni, ni baba Kabula?"

Kilio kilikatika. Mwanamke wa mbele aliachia beseni, unga wote ukamwagika uani. Mmoja alipiga ishara ya msalaba, wawili walikimbia kwa kweli wakaishia njia panda, na Mama Shija akabaki amesimama na kuni zake kichwani, mdomo wazi, anamtazama mtu aliyekuja kumlilia. Hakuna aliyethubutu kumjibu, na kadiri walivyonyamaza ndivyo mama alivyozidi kuamini kwamba baba amekufa. Akateleza kwenye fremu mpaka chini. Ndipo akatuona sisi, mimi na Limi, na Masunga aliyekuwa amerudi mbio aliposikia kilio.

"Kabula. Nani amewanyoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba amekufa na mmetuficha," nikasema, na safari hii nikalia kisawasawa.

Mama alinitazama muda mrefu. Kisha akamnyooshea Mama Shija mkono, na Mama Shija akatua kuni, akatoa simu kwenye fundo la khanga, akapiga. Iliita sana. Halafu nikasikia, kwa mbali, kelele za watu na magari, na ndani yake sauti ya baba. Mama akanipa simu.

"Baba?"

"Kabula! Mama yako amefanyaje?" Hakusalimia kwanza. Baba, ambaye hakuacha salamu hata ng'ombe wakiwa wametoroka, hakusalimia. "Sema, mwanangu! Mama yako amefanyaje?"

"Yupo hapa," nikasema. "Baba, uko hai? Hujafa?"

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachokionea aibu mpaka leo. Nilimtupia Masunga simu, yeye akasikia, akapiga ukelele, na tukaanza kuruka. Tulishikana mikono tukazunguka uani, tukikanyaga ule unga, tukiimba kwamba baba yupo, baba yupo, Limi anaturukia miguuni bila kujua sababu. Mama alikuwa amekaa kizingitini anatutazama. Alicheka kidogo. Tulizunguka mara nyingi kabla sijaona kwamba bado hana nywele.

Nikasimama. "Sasa wewe wamekunyolea nini?"

"Hawakuninyoa," mama akasema. "Zilidondoka zenyewe. Ni dawa ninayowekewa kwenye mshipa kule Mwanza, inapigana na ugonjwa na inaondoka na nywele. Naumwa kansa, Kabula. Ya titi. Baba yenu yuko Lamadi anafanya kazi ili aweze kunipeleka tena."

Bibi aliingia uani wakati huo, jembe begani, amekuja mbio maana alikutana na wale waliokimbia. Alisikia neno la mwisho. "Nyamaza!" akafoka. "Watoto hawaambiwi mambo hayo!"

"Mama," mama akamjibu, taratibu, bila kumkosea heshima, "wameshanyoa. Umebaki unawaficha nini?"

Bibi akatua jembe. Masunga ndiye aliyeuliza lile ambalo mimi nisingeweza. "Utakufa?"

"Sijui," mama akasema. "Siku nikijua nitawaambia. Nyie wenyewe, siyo kwa kusikia."

Wanawake walikuwa bado wamesimama na mabeseni yao. Bibi akatoa hukumu kwamba unga uliokwisha kuja msibani haurudi ulikotoka, ni mkosi, lazima uliwe hapo hapo. Kwa hiyo wakawasha moto kwa kuni za msiba, wakasonga ugali, Mama Shija akapeleka mtu kwake kuchukua nsansa, mboga kavu ya kunde, na mama akala matonge manne, zaidi ya alivyokuwa amekula wiki nzima. "Si haba," akasema, "wengine hawaonji ugali wa msiba wao." Waliocheka walikuwa wachache, lakini tangu siku hiyo hawakuacha kuja. Kumbe walikuwa wanasita muda wote, hawajui kama wanaruhusiwa kujua. Mmoja alichukua zamu ya kufua, mwingine alipalilia na bibi, na Mama Shija alikuwa akiniambia, siku nyingine, Kabula kaa chini.

Mama alitimiza neno lake. Kila aliporudi kutoka Mwanza alituita jikoni akatueleza walichosema, na sisi tukauliza tulichotaka, hata upuuzi. Ningependa kuwaambieni kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa chepesi. Hapana. Kujua nako kunachosha. Zipo siku nilitamani kurudi kuwa mtoto anayeambiwa mgongo na Lamadi tu. Lakini uzito niliokuwa nao ulikuwa wa kitu kilichokuwepo kweli, na nilikuwa nimeubeba pamoja na mwenye nao.

Wakati wa kuvuna pamba alirudi mara ya mwisho, na baba naye akarudi moja kwa moja. Mama alituita jikoni, akasema dawa zimeshindwa, hawampi nyingine, atakaa nyumbani na sisi. Masunga alitoka nje akaenda kwa ng'ombe. Mimi niliuliza kama itauma, mama akasema itauma, ila wamempa dawa ya maumivu. Limi hakuuliza kitu. Limi alikuwa amehamia kitandani kwa bibi tangu mama alipoanza kulala na kulia kwa maumivu, na alikuwa anaogopa kile chumba, harufu yake na sauti zake. Siku hizo alikuwa akimwita bibi mayu, yaani mama. Hatukumkataza, hakuna aliyekuwa na nguvu za kumkataza, na wiki tatu zikapita hajamtaja mama hata mara moja.

Asubuhi moja nilikuwa namlisha mama uji kwa kijiko. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana, ikanibidi nisogeze sikio.

"Limi bado ananiulizia?"

Mtu huyu alikuwa ameniambia kila kitu. Hakunidanganya tangu ile siku ya unga, hata jambo moja, hata lile la maumivu, na nilijua kabisa ninachomdai na ninachodaiwa. Nikafuta uji uliomwagikia kidevuni mwake.

"Kila siku akiamka, mayu," nikasema. "Akifumbua macho tu anakutaja wewe."

Alinitazama usoni, muda mrefu, kama alivyonitazama siku ile kizingitini. "Wabeja, mwanangu," akanishukuru, akafungua mdomo nimpe kijiko kingine.